Ukurasa wa Nyuma wa Gazeti la Kiwanja

Siku papa Stanislas, mzee mwenye gazeti lenyewe, alipowaambia kwamba linakwisha, mama Clémentine alikuwa na rundo la karatasi mapajani, anazikunja mbilimbili kama alivyozoea. Walikuwa katika chumba cha nyuma cha parokia, pale mtaani Kikula, yeye na wamama wengine wawili, baada ya misa ya kwanza, na wino ulikuwa bado unanuka. Papa Stanislas hakukohoa wala hakuzunguka maneno. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema numéro, yaani toleo, ya mwezi ujao ndiyo ya mwisho. Wino wa mashine haupatikani tena: Lubumbashi hakuna, Ndola hakuna. Padri mpya anahitaji chumba chake. Na vijana wameahidi kwamba habari zitaendelea katika telefone, watu watazisoma humo, tena na picha za rangi.

Wamama wale wawili walisikitika kwa sauti, kama inavyopasa. Mmoja akauliza kama chai ya Jumapili nayo itakwisha. Mama Clémentine aliendelea kukunja, kidole gumba kikipita juu ya mkunjo, lakini alikuwa ameigeuza karatasi na kuangalia upande wa nyuma. Hakuwaza habari, wala michoro, wala hadithi za watoto wa shule. Aliwaza kwamba imebaki numéro moja tu, na jina la Dan halijaingia.

Mtu ambaye hakukaa kwetu anaweza kushangaa kwa nini mama atake jina la mtoto wake liandikwe mahali pale. Basi inafaa aambiwe kwanza gazeti lile lilikuwa nini.

Kiwanja lilianza mwaka ule mbaya ambapo kampuni ya migodi iliwarudisha watu nyumbani kwa maelfu. Papa Stanislas alikuwa karani, mtu wa kupiga mashine ya kuandikia, na aliporudi nyumbani hakujua vidole vyake avifanyie nini. Parokia ilikuwa na mashine ya ronéo, ile ya kuzungusha kwa mkono ili karatasi moja izae mia, imelala chini ya turubai tangu wakati wa masista. Akaiomba. Akamtafuta Ruffin, mchoraji wa vibao vya maduka na wa zile picha za kuuza sokoni zinazochorwa juu ya gunia la unga, akamwambia: weye uchore, minye niandike. Karatasi moja iliyokunjwa, kurasa nne. Na bure.

Hiyo bure ndiyo iliwasumbua watu. Kitu cha bure kwetu kina mwenyewe: ni cha mtu anayetafuta kura, au ni cha kanisa jipya linalotafuta waumini. Mwanzoni walilipokea kwa ncha za vidole, wakaligeuza huku na huku kutafuta picha ya mheshimiwa. Papa Stanislas aliwajibu wote jibu moja, kwamba mtu aliyefukuzwa kazi huwezi kumwuzia habari za mtaa wake mwenyewe.

Ukurasa wa kwanza ulisema mambo ya mabomba, ya umeme, ya daraja lililobomoka na ya shule. Kurasa za ndani zilikuwa za sanaa: mchoro wa Ruffin, hadithi fupi, maneno ya nyimbo za kwaya, habari za vijana wa michezo ya kuigiza. Dan alichorwa humo mara moja, bado kijana wa sauti inayovunjika, akiwa mfalme Herode wa Noeli na taji iliyokatwa kwenye mkebe wa maziwa. Mwaka mzima Kikula ilimwita Herode. Wauza karanga walificha watoto wao akipita.

Ukurasa wa nyuma hakuna aliyeupanga. Mwanzoni kabisa, numéro moja nafasi ilibaki tupu, na mama mmoja aliyefiwa mume akaomba jina liandikwe pale pamoja na siku ya kumaliza kilio, kwa kuwa redio ilikuwa juu ya uwezo wake. Papa Stanislas akaandika. Siku ile uwanja wa yule mama ulijaa mpaka barabarani. Mwezi uliofuata wengine wakaja na majina yao. Miaka haikupita mingi, ukurasa wa nyuma ndio ukawa wa kusomwa kwanza, na wengi hawakuvuka pale. Mtu alizikwa haraka, kama kawaida, lakini kilio kikubwa cha kumaliza, kile cha ukoo na shirika la kanisani na watu aliofanya nao kazi, kilingoja jina litoke. Ikawa mtu ambaye hajatoka katika Kiwanja hajafa sawasawa. Hata matusi yalihamia huko. Wanawake wakikosana sokoni juu ya kipimo cha unga, mmoja humwambia mwenzake: weye nitakusoma ku nyuma.

Halafu ikaja habari ya Barthélemy. Huyu alikuwa fundi wa magari, akaenda Kolwezi kutafuta kazi, akanyamaza. Dereva mmoja wa lori akaleta neno kwamba gari alilokuwa akilitengeneza limemkandamiza. Ukoo ukaleta jina, jina likatoka, watu wakalia, mke akanyolewa, nguo zikagawanywa kwa ndugu kama inavyofanyika. Na asubuhi moja Barthélemy akashuka kutoka juu ya lori pale sokoni, mfuko wa unga begani. Mke wake alipomwona mlangoni, alitorokea dirishani. Mdogo wake aliyekuja mbio kwa kusikia kelele alikuwa amevaa suruali ya kaka yake. Papa Stanislas alitaka kusahihisha kosa, na ukoo ukashikilia kwamba sahihisho liwe ukurasa wa nyuma, maana ndio unaosomwa. Hivyo Barthélemy akatoka mara ya pili kati ya wafu, na watu wasiosoma maneno madogo wakaja kumlilia upya. Yeye mwenyewe aliwapokea, akawaambia waingie tu, chai iko.

Mji ulicheka. Papa Stanislas hakucheka. Akaweka sheria, na Ruffin akaichora kwa herufi kubwa ukutani mwa kile chumba cha nyuma: BILA KABURI, HAKUNA JINA. Ilibidi mtu aje na miguu yake aseme: nilikuwepo, nilitupa udongo.

Dan alikuwa mwana pekee wa mama Clémentine na marehemu Evariste. Evariste alikufa mapema, akatoka sawasawa katika Kiwanja, na kilio chake kilijaa. Dan aliacha shule, akaoa msichana anayeitwa Plamedie, akaenda kuchimba na wachimbaji wa mkono kwenye kilima kimoja upande wa Kambove. Wakati wa mvua kilima kiliingia ndani. Waliotolewa walitolewa. Baadaye wenye mahali wakaleta mashine, wakasawazisha, wakaweka uzio. Mwenzake mmoja alisema Dan aliteremka alfajiri ile. Mwingine aliapa kwamba jioni ya kuamkia siku ile alimwona akipanda lori la Kasumbalesa, la mpakani, kwamba alikuwa na habari za Zambia mdomoni. Mama Clémentine alishika neno la huyu wa pili, na hakuliachilia.

Shemeji yake Godefroid, mkubwa wa ukoo, alikuja mwaka ule ule, akakaa, akasema yanayosemwa na wakubwa: nyumba haiwezi kubaki na mtu asiyeliliwa, na Plamedie bado ni kijana. Mama Clémentine alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akamwuliza kaburi liko wapi, alionyeshe, na kilio kitaanza kesho. Godefroid alikwenda kulalamika kwa papa Stanislas, na papa Stanislas akamwambia kwamba mama ana haki. Ikawa sheria ya ukutani ndiyo mlango wake wa chuma. Kila mwezi alikunja majina ya watoto wa wengine, na kila mwezi la Dan halikuwamo, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa habari njema ya gazeti.

Plamedie alibaki naye nyumba moja. Siku moja alikuja na mikono yenye povu la sabuni, akasema kwa sauti ya chini kwamba Willy, yule wa kwaya, ameuliza habari zake. Mama Clémentine alimwuliza tangu lini mke wa mtu anaulizwa habari. Plamedie akarudi kwenye beseni. Wanawake hao wawili walikuwa watu wa Kasai, walijua inavyosemwa juu ya mwanamke aliyekwenda kwa mwingine na mume yuko hai, ugonjwa gani huingia katika nyumba. Hawakuzungumza tena jambo lile.

Huu ulikuwa mwaka wa sita tangu kilima kiingie ndani. Hakuna asubuhi ambayo mama Clémentine aliamka akajua kwamba Dan amekufa. Ila fungu la mwisho la rozari yake lilikuwa la wasafiri, na mwaka huu alijikuta analisema kwa midomo tu, macho kwenye sufuria. Daktari alikuwa amemwambia juu ya tension, shinikizo la damu. Naye alikuwa amepanga moyoni kwamba siku Mungu atakapomwonyesha, atalichukua jina la Dan na kulipeleka, maana gazeti lipo. Hakuwahi kufikiri kwamba gazeti litatangulia. Akifa yeye, nani atamlilia Dan? Na wapi? Katika telefone, ambayo hata kuiwasha hajui?

Jumanne alikwenda nyumbani kwa papa Stanislas. Alimkuta mezani anakula bukari, ugali wa kwetu, na samaki wadogo, Ruffin naye yuko pembeni juu ya kigoda, anasafisha brashi na kitambaa. Wakamkaribisha kula, akashukuru, akakataa. Akangoja papa Stanislas anawe mikono.

“Niko nakuya kutia jina,” alisema.

“Ya nani, mama?”

“Ya Dan.”

Papa Stanislas aliendelea kufuta vidole ambavyo vilikuwa vimekwisha kukauka. “Banamupata?”

“Hapana.”

“Sasa kaburi iko wapi?”

“Papa Stanislas, unajua.”

“Minye najua. Lakini miaka yote ile, weye njo ulikuwa unauliza watu hii neno. Godefroid alinifokea hapa ndani ya nyumba yangu, bibi yangu anasikia. Nilikutetea. Leo nitamwambia nini?”

“Umwambie nimechoka.”

Ruffin alisema, bila kuinua kichwa, kwamba aliyewaharibia mambo ni Barthélemy. Angekufa tu siku ile kwa adabu, leo wangekuwa na amani. Papa Stanislas alicheka puani, na mama Clémentine pia kidogo, kwa kuwa Barthélemy bado alikuwa anatengeneza magari karibu na soko na alinenepa.

Kisha papa Stanislas akasogeza sahani. Sauti yake ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyoumiza zaidi.

“Ni numéro ya mwisho, mama. Sitaki hii njo ikuwe ya uongo. Kama Dan anarudi, nitasahihisha wapi?”

Mama Clémentine alilifikiri swali lile. Lilikuwa swali la haki.

“Akirudi,” alisema, “hakuna mutu ataniuliza gazeti.”

Ruffin ndiye aliyepata njia, naye aliisema kama mtu anayepima ukuta kabla ya kuupaka rangi. Sheria inataka mtu aliyetupa udongo. Haisemi atupe kutoka karibu ama kutoka mbali. Yeye atakwenda na mama mpaka kilimani, mama atatupa, yeye ataona. Papa Stanislas akasema kwamba nafasi ataiacha, lakini jina haliingii mpaka Ruffin arudi amwambie kwa mdomo wake.

Walikwenda kwa pikipiki mbili za kukodi, mama Clémentine amekaa upande, rozari imezungushwa kwenye kiganja. Vumbi la malori liliwafunika njia nzima. Kwenye uzio walikuta walinzi wawili, vijana wenye buti mpya. Ruffin alieleza shida yao kwa maneno mazuri. Mlinzi mmoja akajibu kwamba kuingia hawezi kuwaruhusu, na kwamba hajui habari ya shimo.

“Shimo gani, mama? Hapa hakuna shimo. Minye nilianza kazi hapa mwaka jana, ni hivi hivi.”

Mama Clémentine alitazama kupitia nyaya. Palikuwa na uwanja uliosawazishwa, makontena, majani marefu upande mmoja, na nyuma yake mteremko mwekundu. Alikuwa amejiambia kwamba akifika atajua, kwamba mwili wa mama utamwonyesha. Alisimama akangoja. Mwili haukumwonyesha kitu. Ruffin ndiye aliyenyosha mkono kuelekea kwenye mteremko, na alivyoukunjua polepole ilionekana kwamba naye anakisia.

Mama Clémentine aliinama, akachota udongo wa kando ya barabara, akasema sala ile ya kuwaombea marehemu raha ya milele, jina la Dan mahali pake. Akatupa. Udongo uligonga nyaya, sehemu ikapita, sehemu ikarudi juu ya viatu vyake. Mlinzi akauliza mama anafanya nini.

“Anazika,” Ruffin alisema.

Yule kijana alivua kofia. Kisha akaangalia nyuma kama mkubwa wake anamwona, akaivaa tena.

Wakati wa kurudi Ruffin alimwambia mara moja tu, kabla hawajapanda, kwamba ameona. Alisema hivyo na kwa papa Stanislas.

Jumapili ya numéro ya mwisho, mama Clémentine alikunja karatasi zote peke yake. Wale wamama wawili hawakuja, labda kwa sababu ile chai nayo ilikuwa imekwisha. Mbele papa Stanislas alikuwa ameandika historia ya gazeti lake, tangu mashine chini ya turubai, tangu numéro iliyotoka na kurasa zimepinduliwa na watu wakaisoma wakiwa wameinamisha vichwa, mpaka siku mkuu wa wilaya alipotuma mtu kuomba nakala mbili. Historia yenyewe ilikuwa ndefu, ikakatwa mwishoni kwa kukosa nafasi. Nyuma majina yalikuwa machache. La tatu lilikuwa Dan Mukendi, mwana wa Evariste na Clémentine, mume wa Plamedie. Kumaliza kilio Jumamosi, nyumbani kwa mama yake. Alilifuata kwa kidole, herufi baada ya herufi. Alingoja moyo wake ufanye kitu. Akachukua rundo, akaenda kusimama mlangoni mwa kanisa.

Aligawa baada ya misa zote. Yeye ni mwanamke anayeona mambo, na siku ile aliona kuliko alivyotaka. Waliolichukua walijipepea nalo. Mama mmoja alilitandika chini ya mtoto. Kijana wa kwaya akamwambia kwa heshima awapelekee wazee, yeye atasoma katika telefone. Wengine walilishika huku wanazungumza, wakalikunja mara ya pili na ya tatu mpaka likatosha mfukoni. Hakuna aliyeligeuza. Mikono yake ilitaka kuwageuzia. Alimgeuzia mzee mmoja aliyekuwa msomaji wa siku zote. Yule akatabasamu, akasema miwani ameiacha nyumbani. Ndipo mama Clémentine alipotambua kwamba wale waliokuwa wanaanza nyuma, wengi wao yeye alikwisha kuwakunja.

Hata hivyo alitengeneza kilio kama inavyotakiwa. Jumamosi asubuhi alimnyoa Plamedie nywele kwa mkono wake, taratibu, akipuliza zilizobaki shingoni. Plamedie aliinama. Vijana wa parokia walileta viti vya plastiki kwa mkokoteni, wakafunga turubai kati ya ukuta na mti wa parachichi. Plamedie alipika sufuria kubwa la sombe, majani ya muhogo, na bukari ya kutosha watu wengi. Mama Clémentine akafunga kitenge kiunoni, akaketi chini juu ya mkeka, miguu imenyoshwa, uso kuelekea barabarani, na Plamedie pembeni yake.

Papa Stanislas na Ruffin walikuja wa kwanza, wamevaa makoti. Mwenyekiti wa shirika alikuja, akasali, akaomba ruhusa kwa kuwa ana kikao. Godefroid alipiga telefone kwa Plamedie kwamba yuko Lubumbashi na moyo wake uko pamoja nao. Waliokaa walizungumza mambo ya umeme, ya bei ya unga, ya mvua iliyochelewa, kama watu wanavyozungumza kilioni wakisubiri wengine wafike ili nyimbo zianze. Nyimbo hazikuanza. Watu walipita barabarani, wakaona viti, wakasalimu kwa mkono, wakaendelea. Mchana papa Stanislas alianza kusinzia, na Ruffin akamwondoa kwa kumshika kiwiko.

Jirani yao Jenny, muuza makala, yaani mkaa wa kupikia, aliingia akitoka kazini, vidole bado vyeusi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akapokea chai, akaangalia kichwa cha Plamedie, akaangalia viti.

“Mama, unisamehe,” alisema. “Sikusikia. Kilio ni ya nani?”

“Ya Dan.”

“Dan gani?”

“Dan wangu.”

Jenny aliweka kikombe chini. Alionekana kama mtu aliyekanyaga mahali pasipofaa na hajui mguu auinue vipi.

“Lakini ya Dan si ilipitaka zamani? Ile mwaka ya kilima. Shiye wote tulimulilia. Tulizani mulimaliza hapa ndani, kimya kimya, juu ya tension yako. Njo maana hatukukuwa tunamutaja mbele yako.”

Mama Clémentine alisema asante kwa kuja. Jenny akamaliza chai yake haraka, akashika mikono yao wote wawili, akaacha alama ya makala kwenye vidole vya Plamedie, akaenda.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukuta. Mama Clémentine hakugeuza kichwa. Alizungumza akiangalia viti.

“Na weye pia?”

Plamedie alifuta vidole kwenye kitenge. “Mama.”

“Nakuuliza tu. Tangu lini?”

“Tangu ile mwaka ya kwanza. Ku misa ya marehemu, mwezi wa kumi na moja, nilipeleka jina yake. Padri aliisoma na yale ingine.”

“Minye nilikuwa wapi?”

“Ulikuwa pale. Tulikaa kiti moja. Ulikuwa na rozari, unaangalia chini.”

Alijaribu kuikumbuka misa ile. Alikumbuka baridi ya saruji chini ya magoti, na sauti ya padri ikiteremsha majina moja baada ya moja, na yeye akimwomba Mama Maria amlinde Dan barabarani, huko aliko. Majina yalikuwa ya watu wengine. Ndivyo alivyosikia.

“Na mwaka ya pili?”

“Kila mwaka, mama.”

“Kanisa yote ikisikia.”

Ng'ambo ya ukuta watoto wa Jenny walikuwa wanagombania maji ya kuoga.

“Na Willy?”

“Willy alioa. Iko na batoto.”

“Sasa kama ulijua, ulibaki hapa juu ya nini?”

Plamedie alipitisha kiganja juu ya kichwa chake kilichonyolewa, kama mtu anayetafuta kitambaa. “Ningekuacha na nani?” alisema.

Mama Clémentine alikuwa amejiandaa kulia siku ile. Alikuwa amejitunzia machozi kama mtu anayetunza maji kwa siku ya wageni. Aliyatafuta sasa, hayakuwepo. Watu walimlilia Dan sokoni, kisimani, kanisani, kila mmoja kwa saa yake, wakamaliza wakaendelea na maisha, na sehemu iliyobaki kwa ajili ya mama yake ilikuwa hii: uwanja, turubai, na mwanamke wa watu ambaye ujana wake umepita katika kumsindikiza. Alifungua mdomo aanze wimbo wa kwanza wa kilio, kwa kuwa ilibidi uimbwe. Ulitoka mstari mmoja. Plamedie aliupokea wa pili. Wa tatu hakuna aliyeusema.

Vijana wa parokia walirudi na mkokoteni. Walisimama mlangoni, mmoja akavua ndala za miguu kwa heshima, akauliza kama wamemaliza, kwa sababu viti vinatakiwa kwa arusi, bado kuvifuta vumbi. Mama Clémentine aliwaambia wachukue. Walivibeba vinne vinne, vimepandana, wakajaribu kutofanya kelele. Turubai wakalifungua mwishoni, na mwanga uliobaki ukaingia.

Plamedie aliingia ndani, akatoka na sufuria akiliburuta kidogo, maana lilikuwa limejaa bado, na beseni la bukari lililofunikwa kwa sahani. Hawakutaka chakula cha kilio kilale katika nyumba. Akaviweka juu ya mkeka kati yao, akamwagia mama maji mikononi. Mama Clémentine alifanya ishara ya msalaba, akabariki chakula, akakata tonge. Wakala mpaka wakashindwa, na sufuria lilikuwa bado halijafika hata katikati.